UZI: Marais wawili, miji mikuu miwili. Madagaska, 2002

Wadau, msimu wa kura ukikaribia hapa kwetu, kuna maneno matatu ambayo hayakosi kwenye midahalo. La kwanza: "Wakituibia tutaapisha wetu." La pili: "Korti imesema, imeisha hiyo, nendeni nyumbani." La tatu: "Wakituchezea, tutafunga barabara tuone huo mji mkuu utakula nini." Yanasemwa kwenye vipindi vya asubuhi, mtangazaji anacheka, halafu tunaenda kwa matangazo ya biashara.

Sa, kuna nchi ambayo ilifanya yote matatu ndani ya mwaka mmoja. Ni jirani yetu wa ng'ambo ya bahari, ile ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini. Wengi wetu tunaijua kwa filamu ya katuni ya wanyama na kwa vanila, basi. Ni aibu kidogo, manake hata lugha yao imebeba maneno yetu: ng'ombe wao ni omby, kuku ni akoho, kondoo ni ondry. Tumefanya biashara na hawa watu kwa karne nyingi, lakini siasa zao hatuzifuati.

Sheria ya nyuzi zangu mnaijua: sitaji jina la mwanasiasa wala la chama, awe wa kwetu au wa kwao. Kwa hivyo hapa kutakuwa na Admirali na Meya. Mkitaka majina, vitabu vipo. Mimi nataka muone mitambo jinsi inavyozunguka, manake majina huwa yanatutoa kwenye hoja.

Admirali kwanza. Mwanajeshi wa majini, mtu wa mkoa wa Toamasina, pwani ya mashariki. Alishika nchi mwaka 1975 akiwa na siasa za kijamaa. Mwaka 1991 watu walimchoka. Mnamo Agosti 10 mwaka huo maandamano makubwa yalielekea ikulu ya Iavoloha nje ya mji mkuu, walinzi wakapiga risasi, watu wengi wakafa. Akapoteza uchaguzi uliofuata. Aliyemrithi naye akang'olewa na bunge mwaka 1996, na nani alirudi kwa kura? Admirali huyohuyo. Wapiga kura, jamani, ni watu wa ajabu.

Aliporudi alifanya jambo ambalo nataka mliweke akilini, manake tutalihitaji baadaye. Mwaka 1998 alipitisha mabadiliko ya katiba kwa kura ya maoni, nchi ikapewa mikoa sita yenye mamlaka yake: Antananarivo, Toamasina, Antsiranana, Mahajanga, Toliara na Fianarantsoa. Kila mkoa na gavana wake na baraza lake. Kwenye karatasi ilikuwa ugatuzi mtamu kabisa. Ila magavana hawakuchaguliwa na mwananchi moja kwa moja, walichaguliwa na mabaraza, na mabaraza yalikuwa yamejaa watu wa chama cha Admirali. Kufikia 2001 ngazi zote zilikuwa mkononi mwake.

Isipokuwa moja. Jiji la Antananarivo lilikuwa na Meya, aliyechaguliwa mwaka 1999. Huyu hakuwa mwanasiasa wa kuzaliwa. Alikuwa mfanyabiashara wa maziwa. Alianza na maziwa ya mgando ya kutengeneza nyumbani hadi akawa na kampuni ambayo bidhaa zake zilifika kila duka la nchi. Na alikuwa kiongozi wa ngazi ya juu katika kanisa kubwa la Kiprotestanti. Kaulimbiu yake ya kampeni aliichukua kwenye Injili ya Marko. Unaona mchanganyiko huo: biashara, kanisa, jiji kuu. Hapa kwetu pia tungempata mshauri wa kampeni wa kuuza hiyo.

Kuna jambo la tatu: kabila. Meya alikuwa Mmerina, watu wa nyanda za juu, ambako ufalme wa karne ya 19 ulianzia kabla Wafaransa hawajauteka mwaka 1895. Ufalme huo uliteka sehemu kubwa ya kisiwa, na watu wa pwani hawajasahau. Wafaransa nao wakakoleza huo mgawanyiko kwa faida yao, mchezo tunaoujua. Tangu uhuru wa 1960 ilikuwa kama kanuni isiyoandikwa kwamba rais atoke pwani. Kwa hivyo kampeni ya 2001 ilikuwa na maneno ya chini chini: "Wakishika hawa, tumerudi enzi ya wafalme."

Uchaguzi ulikuwa Desemba 16, 2001. Wagombea sita, lakini mbio zilikuwa za wawili. Sheria: ukipata zaidi ya nusu ya kura umeshinda, usipopata, wawili wa kwanza wanarudi debeni. Nyinyi mnaijua hiyo hesabu vizuri, tuna asilimia 50 na kura moja yetu hapa, na tukaongezea robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti.

Wiki chache kabla ya kura, Admirali aliteua majaji wapya katika Mahakama Kuu ya Katiba. Hiyo ndiyo mahakama inayotangaza matokeo. Someni tena sentensi hiyo. Hakugusa debe hata moja (au aligusa, hayo ni ya watu kubishania), lakini alikuwa ameshabadilisha refa.

Sasa namba. Januari 25, 2002, mahakama ilitangaza: Meya asilimia 46.21, Admirali asilimia 40.89. Hakuna aliyevuka nusu, kwa hivyo kuna duru ya pili. Upande wa Meya ulikuwa umekusanya nakala za fomu za vituo nchi nzima na ukajumlisha zake: asilimia 52 na kidogo. Kwa hesabu yao alikuwa ameshinda raundi ya kwanza, mchezo umeisha.

Hapa ndipo mtu husema, "Si angekubali tu duru ya pili? Yuko mbele kwa asilimia tano!" Swali halali. Nimelifikiria sana. Jibu la upande wake lilikuwa: anayetuambia turudi debeni ndiye aliyehesabu, na ndiye atakayehesabu tena. Walichodai ni kitu kimoja, tena kidogo sana: leteni fomu zenu, tuleta zetu, tuziweke mezani moja moja, kituo kwa kituo. Mahakama ikakataa.

Mkenya yeyote wa baada ya 2017 anaelewa dai hilo bila kufafanuliwa. Ni hadithi ya fomu 34A. Sisi tulipata uamuzi wa korti kwamba matokeo ya kituo ni ya mwisho, tukaona uchaguzi wa rais ukifutwa Septemba 1, 2017, na mwaka 2022 fomu zikawekwa wazi mtandaoni kila mtu mwenye bando akajumlisha mwenyewe. Tulizozana bado, ndiyo, hata makamishna wenyewe wakagawanyika nne kwa tatu. Lakini fomu zilikuwepo, za kila mtu kuona. Antananarivo 2002 hiyo meza ya kulinganisha fomu haikuwepo, na ukosefu wake uligharimu nchi nusu mwaka.

Basi watu wakatoka. Kuna uwanja katikati ya jiji unaitwa Mei 13, umepewa jina la maandamano ya 1972 yaliyomwondoa rais wa kwanza. Kila serikali iliyoanguka pale ilianza kuyumba kwenye uwanja huo. Kuanzia Januari, siku baada ya siku, watu mamia kwa maelfu walijaa hapo. Mgomo wa jumla: maofisi yamefungwa, benki zimefungwa, ndege hazitui. Na lilikuwa jambo la kushangaza kwa utulivu wake. Mikutano ilifunguliwa kwa maombi na nyimbo za kanisa, viongozi wa makanisa makubwa wakiwa jukwaani. Maduka hayakuporwa. Nasema hivi manake kuna watu huamini umati mkubwa lazima uvunje kitu.

Lakini umati una shida yake: hauwezi kukaa barabarani milele. Watu wanakula mshahara, na mgomo ni mshahara unaokatwa. Kiongozi wake anajua kwamba kila wiki inayopita lazima awape kitu kipya. Februari 22, 2002, Meya akawapa: katika uwanja wa michezo wa Mahamasina, mbele ya umati, akajitangaza rais.

Kwetu kiapo cha namna hiyo kilifanyika Uhuru Park, Januari 30, 2018, na kila mtu ana maoni yake. Tofauti ni kilichofuata. Hapa kilibaki kiapo, na wiki tano na kitu baadaye kukawa na handisheki. Kule Meya aliteua waziri mkuu ndani ya siku nne, akaunda baraza la mawaziri, na mwanzoni mwa Machi umati ukawasindikiza mawaziri hao, wizara moja baada ya nyingine, wakaketi kwenye viti. Admirali alikuwa ametangaza hali ya hatari, kisha Februari 28 akauweka mji mkuu chini ya amri ya kijeshi na jenerali wa kuusimamia. Amri ya kutotoka nje usiku ilitolewa. Watu wakatoka. Wanajeshi walisimama, wakatazama, wengi wao hawakufyatua.

Kwa nini hawakufyatua? Wengine watawaambia ni uzalendo. Mimi naona kulikuwa na kumbukumbu ya 1991 pale, na pia hesabu ya kawaida kabisa: jeshi lilikuwa dogo, limegawanyika, familia za wanajeshi zinaishi humohumo mjini, na hakuna aliyejua nani atalipa mishahara mwezi ujao. Ofisa wa jeshi katika hali hiyo hafanyi haraka. Anangoja.

Admirali hakungoja. Aliondoka mji mkuu akaenda kwao Toamasina, na magavana wa mikoa mitano kati ya ile sita wakatangaza kwamba sasa mji mkuu ni Toamasina. Hivyo ndivyo nchi moja ikawa na marais wawili, serikali mbili na miji mikuu miwili.

Mkumbuke ile mikoa ya 1998. Sasa ilipata kazi.

Fungueni ramani. Antananarivo iko juu katikati ya kisiwa, mbali na bahari. Toamasina ndiyo bandari kuu, na ndiko kulikokuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta. Kati yao kuna barabara moja kuu, kilomita 350 na ushei, inashuka milimani, inapita misitu na mito. Chukua Nairobi na Mombasa, halafu ondoa reli mpya, ondoa bomba la mafuta, bakisha barabara moja yenye madaraja mengi. Watu wa Admirali waliweka vizuizi, kile kikubwa kikiwa Brickaville. Kisha wakaanza kulipua madaraja. Na si barabara hiyo pekee, bali njia zote zinazoingia mji mkuu.

Petroli ikaisha. Ile iliyobaki ikauzwa kwa chupa na mitungi kando ya barabara kwa bei ya kuumiza. Chumvi, ambayo hutoka pwani, ikawa bidhaa ya kutafutwa. Dawa zikapungua hospitalini. Mkulima wa mpunga ana mazao, lori halina mafuta ya kuyafikisha sokoni. Na viwanda vya nguo vya kuuza nje, kama hivi vyetu vya Athi River, vilivyokuwa ndio kwanza vimepata soko la Marekani, havikupata vitambaa wala njia ya kusafirisha nguo. Wanunuzi wakahamishia oda zao nchi nyingine. Maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi, wengi wao akina mama na wasichana, walirudishwa nyumbani.

Nataka nikae hapa kidogo, manake "tutafunga barabara" ndilo neno linalosemwa kirahisi kuliko yote. Mimi nilikulia karibu na Malaba. Januari 2008 nilikuwa mtoto wa shule, lakini foleni ya malori naikumbuka hadi leo. Yalisimama hadi madereva wakawa wanatambulikana kwa majina kijijini. Uganda na Rwanda ziliishiwa mafuta kwa sababu ya ugomvi wa kura za Kenya ambazo raia wao hata hawakupiga. Kule ng'ambo ya bahari ilikuwa ni hiyo, ila kwa miezi, na aliyenyimwa mafuta ni mwananchi mwenzako. Watu waliwekewa njaa kama hoja ya kisiasa. Na nisikilizeni: haikufanya kazi. Jiji halikumwacha Meya. Kila daraja lililolipuka lilifanya watu wa nyanda za juu wamchukie Admirali zaidi, hata wale waliokuwa hawamwamini Meya na biashara zake.

Na damu? Ilimwagika, ingawa si kwa kiwango ambacho dunia ilitarajia. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi. Lakini namba ndogo zisiwadanganye. Katika miji ya pwani, watu wenye asili ya nyanda za juu, ambao wameishi huko miaka na miaka wakifanya biashara na kufundisha shule, walianza kutishwa na magenge, nyumba zikachomwa, wengi wakakimbia. Baadaye upepo ulipogeuka, wale walioshukiwa kumuunga mkono Admirali nao wakakamatwa na kuteswa. Pande zote mbili zilishutumiwa na mashirika ya haki za binadamu. Anayewaambia upande mmoja ulikuwa wa malaika, anauza kitu.

Kulikuwa na vita vingine vya kimyakimya ambavyo hamtaviona kwenye picha: Benki Kuu. Serikali mbili, saini mbili, hazina moja. Mabenki ya nje yakawa hayajui agizo la nani liheshimiwe, na akaunti za nchi zikazuiwa. Upande wa Toamasina ulijichotea fedha katika tawi la benki la huko. Mwaka 2003 Admirali alihukumiwa bila kuwepo mahakamani, miaka kumi ya kazi ngumu, kwa fedha hizo. Nikisikia mtu anasema kujiapisha ni "ishara tu," huwa namuuliza: na saini ya Benki Kuu ni ya nani asubuhi yake?

Tuingie kwa wapatanishi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulikuwa katika miezi yake ya mwisho, unajiandaa kuwa AU. Marais wakakutana Dakar, Senegal, na Aprili 18 wakawafanya hawa wawili watie saini makubaliano: kura zihesabiwe upya, ikionekana hakuna aliyevuka nusu basi kuwe na kura ya maoni ndani ya miezi sita, serikali ya mpito ya pamoja, na vizuizi viondolewe. Kwa lugha yetu, nusu mkate. Picha zikapigwa. Vizuizi havikuondolewa.

Na kule nyumbani kukatokea jambo la kisheria ambalo wanafunzi wa sheria wanapaswa kulipenda. Mwezi huohuo wa Aprili, Mahakama ya Juu, kitengo chake cha masuala ya utawala, ilifuta uteuzi wa wale majaji wapya wa Mahakama ya Katiba. Majaji wa zamani wakarudi. Wakachukua fomu, wakajumlisha, na Aprili 29 wakatangaza: Meya asilimia 51.46, Admirali asilimia 35.90. Mei 6 Meya akaapishwa mara ya pili, safari hii na majaji.

Uchaguzi uleule na watu walewale waliopiga kura siku ileile, na Mahakama ya Katiba ya nchi imetoa matokeo mawili tofauti, kila mara kwa muhuri halali. Kilichobadilika ni nani ameketi kwenye kiti cha jaji.

Ndiyo maana ile sentensi ya pili, "korti imesema, imeisha," hunitia wasiwasi nusu, na kejeli ya "korti ni yao" hunitia wasiwasi nusu nyingine. Mahakama inaweza kumaliza ugomvi ikiwa tu watu waliamini uteuzi wake kabla ya ugomvi kuanza. Ukiteua majaji wiki chache kabla ya mechi, umechoma daraja mapema kuliko wale wa Brickaville. Na uamuzi wa Aprili 29, naamini matokeo yake yalikuwa karibu zaidi na ukweli wa debe kuliko yale ya Januari, lakini mtu wa Toamasina alipoutazama aliona majaji wa mjini wa mwenzake, ndani ya jiji lililojaa wafuasi wa mwenzake. Huwezi kumshangaa kwa kutoukubali. Unaweza kumlaumu kwa alichofanya baada ya hapo.

Alichofanya: magavana wa mikoa minne ya pwani, Toamasina, Antsiranana, Mahajanga na Toliara, walitangaza kujitenga. Fianarantsoa ilikuwa tayari imechukuliwa na upande wa Meya. Mnaona ile zawadi ya ugatuzi ya 1998 ilivyogeuka? Nasema hili nikiwa mtu wa kaunti, naipenda ugatuzi wetu na shida zake zote. Lakini gavana anayedaiwa kiti chake na wananchi wake na gavana anayedaiwa kiti chake na mtu mmoja ikulu ni viumbe viwili. Wale wa Madagaska hawakuwahi kuwauliza watu wa Mahajanga kama wanataka nchi mpya. Waliamka asubuhi wakaambiwa wamejitenga.

Juni ilikuwa ya bunduki. Mkutano wa pili wa Dakar ulivunjika. Meya aliwaita wanajeshi wa akiba, akawaongeza kwa wale waliohamia upande wake, akaanza kuchukua mikoa mmoja mmoja. Mahajanga ikaanguka katikati ya mwezi. Mara nyingi haikuwa vita hasa: kikosi kinakaribia, walinzi wa mji wanapiga hesabu ileile ya Februari, wanabadilisha upande.

Mwezi huohuo kuna kisa kinachotuhusu Afrika Mashariki. Ndege ndogo ya kifahari ilitoka Ufaransa ikiwa na wanaume kama kumi na wawili, mamluki, wakielekea kumsaidia Admirali. Ilifika Dar es Salaam. Hapo safari ikaishia, ikarudishwa ilikotoka. Fikirieni tu kama ingeendelea. Wakomoro, majirani wao wa karibu, wangewaeleza mamluki wa Kifaransa wanapotua kisiwani wanaacha nini.

Juni 26, siku ya uhuru wa Madagaska, Marekani ikamtambua Meya kama rais. Ufaransa, ambayo ilikuwa ikivuta miguu, ikafuata Julai 3. Siku mbili baadaye Admirali alipanda ndege kwenda Ushelisheli, kisha Ufaransa. Ndani ya siku chache Toamasina ikaingiwa bila mapigano makubwa, na vizuizi vikaondoka.

Afrika je? Hapa kuna mdahalo mzuri ambao sioni ukifanywa vya kutosha. Mwaka 2000 huko Lomé, marais wa Afrika walikubaliana kutotambua serikali inayoingia kinyume cha katiba. Kanuni nzuri, iliandikwa hasa kwa ajili ya wanajeshi. Julai 9, 2002, AU ilipozinduliwa Durban kwa mbwembwe, kiti cha Madagaska kiliachwa wazi. Hoja yao: huyu ameingia kwa umati na bunduki. Hoja ya wenzake: huyu ndiye aliyeshinda kura, na aliyevunja katiba ni yule mliyemzoea kwenye vikao vyenu. Kanuni ile haikuwa na kipimo cha rais aliyeko madarakani anayekataa kuhesabu kura. Bado haina cha kuridhisha, ukiniuliza mimi. AU ilingoja hadi uchaguzi wa wabunge wa Desemba 15, 2002, ambao chama cha Meya kilishinda kwa wingi, ndipo mwaka uliofuata wakamfungulia mlango.

Desemba hiyohiyo sisi hapa tulibadilisha serikali kwa kura, bila daraja kulipuka, na tukaitwa watu wenye matumaini kuliko wote duniani. Miaka mitano baadaye mnajua.

Bili ya mwaka ule kwa Madagaska: uchumi ulinywea kwa zaidi ya asilimia 12 katika mwaka mmoja. Ili mpate kipimo, baada ya machafuko yetu uchumi wa Kenya haukunywea mwaka 2008, ukuaji ulishuka kutoka karibu asilimia 7 hadi chini ya 2, na tuliumia vile. Wafadhili walikutana Paris mwisho wa Julai wakaahidi zaidi ya dola bilioni 2. Madaraja yakajengwa. Baadhi ya viwanda vikarudi, vingine havikurudi.

Ile mikoa sita ilifutwa kwa kura ya maoni ya 2007, mahali pake pakawekwa maeneo 22 ambayo wakuu wake waliteuliwa na rais. Ndiyo, yuleyule aliyekuwa Meya. Biashara yake ya maziwa nayo ilikua vizuri sana alipokuwa ikulu, na washindani wake walikuwa na mengi ya kusema kuhusu kodi na zabuni.

Desemba 2007 Antananarivo ilichagua meya mpya, kijana, mfanyabiashara vilevile. Mwanzoni mwa 2009 alianza kuita watu uwanja wa Mei 13. Machi jeshi likahama upande, na Machi 21, 2009 akaapishwa Mahamasina, akiwa na miaka 34 ilhali katiba ilitaka 40. Hiyo ina mambo ya ardhi, hekta milioni 1.3 za kukodishwa kwa kampuni ya Korea Kusini, na ni ndefu. Nitaiandikia uzi wake wiki ijayo, bando likiruhusu.